Mwaka wa Kura Pamoja

Ujumbe wa mwisho ambao Abeli alinitumia kwenye simu ulikuwa swali, kama jumbe zake zote: "Mwarimu, MILELE ni jembe ngapi?" Nilikuwa jikoni kwangu Nyamira nikichambua mboga za managu. Nikafuta mikono kwenye leso nikamjibu kwamba ni mbili, na zote ziko sawa. Jembe kwake ilikuwa L, kwa sababu inasimama kama jembe lililoegemezwa ukutani. R aliiita mguu, kwa ule mguu inaoutanguliza mbele. Sisi Wagusii hatukuzaliwa na L kinywani. Tunaipata shuleni kwa viboko, na wengi wetu tunazeeka bila kuisikia tofauti yake na ile nyingine, wala hatupungukiwi na chochote. Lakini Abeli alikuwa mwandishi wa mabango, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuandika neno ukutani, kwenye mlango wa hoteli wala kwenye msalaba wa kaburi kabla ya kuniuliza. Zipo siku alizonichosha, sitaficha. Mtu amestaafu, amelala kidogo baada ya chakula cha mchana, simu inalia, ni Abeli anauliza kama "kinyozi" ina jembe mahali. Wiki haikuisha tangu ujumbe ule wa mwisho, mkewe Moraa akanipigia. Moraa huwa hapigi, yeye hutuma ombi apigiwe, kwa hiyo nilijua kabla hajafungua mdomo. "Mwarimu," alisema, "rafiki yako ametuacha. Ni kifua. Imemsumbua tu usiku moja." Kisha akaniambia kuna kazi moja angependa niifanye mazishini, lakini atanieleza nikifika.

Njia ya kwenda kwao, upande wa Kiogoro, inapita katika mji wetu wa zamani, mji mdogo ambao sitautaja jina kwa kuwa wenye kuujua watautambua na wengine hauwahusu. Mahali palipokuwa na bustani ya umma pana jengo la ghorofa nne. Chini wanauza simu na viatu, juu kuna ofisi ambazo madirisha yake hayajawahi kuoshwa, na pembeni kuna mahali ambapo vijana hukaa tangu asubuhi wakibashiri mechi za Ulaya. Siku zote nikipita hapo huwa naangalia upande wa pili wa barabara. Safari hii nilipaangalia. Nilitafuta walau kisiki cha mkaratusi mmoja, sikukiona. Nikawaza kwamba sasa amebaki nani mwingine anayekumbuka kwamba mahali hapa, kwa Jumapili kadhaa za Agosti ya mwaka mmoja, watu walikaa kwenye nyasi wakala pamoja bila kuulizana kabila, dini wala chama. Nilihesabu kichwani nikajikuta niko karibu peke yangu, na jambo hilo lilinitia uchungu kuliko ile habari ya kifo yenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, mwalimu wa muda katika shule ya msingi ya pale mjini, nikingoja nafasi ya chuo. Nilipanga chumba nyuma ya duka la Mama Rukia. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda cha springi, stovu ya mafuta ya taa, na kuta za mbao ambazo mpangaji aliyenitangulia alizibandika magazeti ili upepo usipite. Usiku nikikosa usingizi nilisoma kuta. Ukuta mmoja tulikuwa tunagawana na kinyozi, na kinyozi yule alikuwa na wateja wanaoongea kana kwamba mbao ni mawe. Ukuta wa pili ulikuwa wa stoo ya Mama Rukia, kwa hiyo nguo zangu zote zilinuka iliki na bizari, na wanafunzi wangu wakanipa jina la Mwalimu Pilau. Mama Rukia mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, mnene, mwenye ushungi mweusi na ulimi usiolala. Alizaliwa palepale mjini, lakini kwa kuwa alikuwa Mwislamu na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, watu walimwita mgeni. Alinifundisha L kuliko chuo chochote. Nikiingia dukani nikasema nataka "mchere," alijifanya hasikii mpaka niseme mchele. "Mwalimu mzima," alikuwa akisema, "unawauzia watoto wa watu Kiswahili kilichooza." Jioni alinigongea mbao nikapewa chai ya rangi yenye tangawizi na kipande cha mkate wa sinia, na tukakaa juu ya magunia ya maharagwe tukiwateta wateja.

Ni kupitia ukuta wa kinyozi ndipo tulipojua habari ya bustani. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, mvua inanyesha, na mtu mmoja aliyekuwa akinyolewa alisema, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba kile kichaka kitagawiwa kabla ya mwaka kuisha. "Baraza limesema haitumiki," alisema. "Kitu haitumiki si ni ya mtu yeyote?" Kinyozi akauliza watu watapumzikia wapi. Wakacheka wote wawili. Nilipomwambia Mama Rukia aliweka mizani chini. Kisha akasema kwamba marehemu mumewe alimposa katika bustani ile, kwenye benchi la saruji, wakati ambapo bado kulikuwa na maua na mtu wa kuyamwagilia. Kesho yake alivaa viatu vyake vya Idi akaenda hadi ofisi za baraza. Alirudi na jawabu moja. Karani aliyempokea, mtu mpole, alimwambia baraza litakaa baada ya likizo ya Agosti kuamua. Kama madiwani wataona kwa macho yao kwamba wananchi wanaitumia bustani, itabaki ya wananchi. Kama hawataona, itapewa mwekezaji.

Basi kazi ilikuwa hiyo, kuonekana tunaitumia. Wenye kuitumia wakati huo walikuwa mbuzi, walevi, na Abeli. Abeli alikuwa na kibanda cha kuandikia mabango kwenye uzio wa bustani, chini ya mikaratusi, turubai na benchi tu. Alikuwa kijana mrefu mwenye mabega ya kuinama kidogo, ameoa mwaka uliotangulia, mshika Sabato wa kweli asiyekunywa hata chai ya majani. Aliandika kila kitu mjini, kuanzia milango ya bucha hadi "Mungu ni Mwema" nyuma ya malori, na pembeni chini kila mara aliweka jina lake, ABERI, kama mama yake alivyomwita. Bustani ikigawiwa, kibanda kingekwenda nayo, na pale mjini hapakuwa na kivuli kingine cha bure. Moraa alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Abeli hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku tulipomweleza, aliuliza tu mapanga yako wapi.

Waliotuokoa walikuwa wanawake. Kwetu kuna egesangio, kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu. Leo wote wako shambani kwa Kwamboka, wiki ijayo kwa Bosibori, na mwenye shamba ndiye anayepika. Mama Rukia alikwenda kwao Nyakoe siku ya soko akawaomba waipe bustani zamu moja, kana kwamba nayo ni mwanachama. Walimcheka kwanza. Kisha mama mmoja mzee, mkubwa wa kikundi, akauliza swali ambalo kwao ndilo lilikuwa zito: "Na tukimaliza, ni nani atatupikia? Hiyo shamba haina mama." Mama Rukia akasema, "Ina mama. Ni mimi." Walikuja na majembe na watoto mgongoni. Walikata nyasi zilizokuwa zimefika kiunoni, wakafukua mabenchi ya saruji ambayo mimi sikujua yapo, wakaokota chupa, viatu, mifupa ya ng'ombe na mambo mengine ambayo sitayataja katika kitabu. Mama Rukia alipika pilau ya kuku kwa masufuria yaliyoazimwa msikitini. Ndipo wazo la tamasha lilipozaliwa, pale kwenye pilau, watu wamechoka na wamekaa chini na hakuna anayetaka kwenda nyumbani.

Kuchagua siku kulituchukua jioni nzima chumbani kwangu, wengine wakiwa kitandani na wengine juu ya ndoo. Ijumaa ni ya msikiti, Jumamosi ni Sabato, Jumapili asubuhi ni misa, na mimi mwenyewe Mkatoliki nisingepata la kumweleza padri nikiikosa. Tukabaki na Jumapili baada ya chakula cha mchana, likizo yote ya Agosti. Kila kitu kilikuwa cha bure na kila mtu alijitolea. Omogaka mmoja, mzee wetu wa heshima, kutoka milimani alikuja na obokano yake, kile kinubi kikubwa chenye sauti inayotoka chini kabisa, akapiga mpaka wazee wakaacha mikongojo yao wakajaribu kucheza. Wazee wa kanisa la Abeli walisimama nje ya uzio kuhakikisha wao wenyewe hawachezi, na nadhani mguu wa mmoja wao ulikuwa ukimsaliti. Wanafunzi wangu walikariri mashairi. Watu walileta ndizi za kuchemsha, mboga za chinsaga, uji wa wimbi. Nimehudhuria sherehe nyingi tangu wakati huo, zenye hema, viti vya plastiki na wageni mashuhuri, na sijaona tena watu wakifurahi namna hiyo kwa kitu kidogo hivyo. Naandika hili nikijua mwisho wake, na bado nikilikumbuka natabasamu, kisha nakasirika kwamba nimetabasamu.

Ilikuwa mwaka wa uchaguzi, na uchaguzi wakati huo ulikuwa mwisho wa mwaka, kwa hiyo mnamo Agosti mji ulikuwa umeshaanza kuchemka. Kila Jumapili walikuja watu wawili watatu wenye kofia za chama hiki au kile wakitaka kusema machache. Mama Rukia aliwapa sahani wakiwa bado wanasafisha koo, na mtu mwenye pilau mdomoni hahutubii. Hakutaka siasa. Alirudia neno hilo mpaka likawa wimbo wetu. Jumapili ya mwisho ndiyo ingekuwa kubwa. Madiwani walikuwa wameahidi kuja kuona, na Mama Rukia aliamua kwamba siku hiyo hakutakuwa na ngoma wala mashairi, kutakuwa na chakula tu, mkeka mmoja mrefu kutoka lango hadi mikaratusi, watu wote waje kula pamoja. Akamwambia Abeli aandike bango la langoni. Abeli alipata mabati mawili, akayapaka rangi nyeupe, akayaandika kwa nyekundu, herufi za urefu wa mkono. Alifanya kazi ile siku mbili na hakutaka mtu aione. Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, alipanda ngazi akayapigilia juu ya lango, akashuka, akajifuta mikono na kusema, "Basi, Mwarimu. Soma."

Nilisoma: KURA PAMOJA. BUSTANINI. BURE. Chini kabisa, ABERI.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Rukia alitoka dukani, akasoma, akashika kiuno, akacheka pia kwa namna yake ya kutetemeka bila sauti. Abeli alituangalia kwa zamu. "Ni nini? Si ni kura?" alisema. "Kura. Kura chakura." Nilimweleza. Aliliangalia bango muda mrefu, kisha akacheka na yeye, akasema atarekebisha Jumapili asubuhi kabla watu hawajafika, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na rangi alikuwa ameshaifungia. "Kwani kuna mtu hatajua?" alisema. "Hapa yetu sisi wote tunasema hivyo." Na ni kweli kila aliyepita jioni ile alilisoma akajua ni chakula. Kwa masikio yetu halikuwa kosa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimelala nikisoma ukuta niliposikia sauti kwa kinyozi ambayo haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ya kijana, ya haraka. Alisema mheshimiwa amelipata lile neno. Huyo mheshimiwa alikuwa mtu aliyetaka kiti cha ubunge, nami sitamtaja, hata kaburini hastahili kutangazwa. "Kura pamoja," alisema kijana. "Hiyo ni watu wa yule mwingine. Mama wa pilau anawakusanyia. Kwani wewe hujiulizi pilau yote hiyo inatoka wapi?" Kinyozi akasema, "Ni kula. Wameandika kula." Kijana akasema, "Soma vizuri. Imeandikwa kura. Na bure. Wananunua watu kwa chakula, na sisi tunaangalia tu." Mkasi wa kinyozi ukaendelea. Baadaye kijana akasema, bila kupandisha sauti, kwamba kesho lori litapita.

Nilivaa haraka nikamgongea Mama Rukia. Alinisikiliza akiwa anachagua mchele kwenye ungo, mawe upande huu, mchele upande ule. "Kwa herufi moja?" alisema. "Mwanangu, hata mwendawazimu hapigani kwa herufi moja." Lakini aliacha ungo, na tukaenda pamoja mpaka kanisani kwa Abeli, tukasimama chini ya dirisha na kusubiri mahubiri yaishe. Alitoka na suti yake moja, Biblia kwapani, Moraa nyuma yake na tumbo lake. Nilimwambia nilichosikia. Niliona uso wake ukibadilika. Aliangalia lango la kanisa, akaangalia jua. "Ni Sabato, Mwarimu," alisema. Nikamwambia anipe ufunguo wa rangi, mimi Mkatoliki Mungu wangu hatakasirika. "Nikikupa ufunguo ni mimi nimefanya," alisema, na hakusema kwa ukaidi, alisema kwa huzuni, kama mtu anayekueleza kwamba mlango ni mwembamba na wewe ni mnene. Akaahidi jua likizama tu atapanda. Nilimkasirikia sana wakati ule. Leo sijui. Mtu akishika kitu kwa moyo wote, huwezi kumwambia akiachie kwa sababu kuna mtu mwingine asiyeshika chochote.

Jua halikuzama, lilimezwa. Mvua ya Kisii inayokuja alasiri ilianza saa kumi na haikuacha mpaka usiku wa manane, na rangi ya mafuta haishiki bati lililolowa. Jumapili asubuhi bango lilikuwa bado limelowa. Abeli alikuwepo tangu alfajiri, akilifuta kwa fulana yake kuukuu, akingoja jua. Nilitoka misa nikamkuta amepanda ngazi. Alikuwa ameshaifunika R kwa nyeupe. Ilibidi ikauke kidogo kabla ya kuweka nyekundu, la sivyo zingechanganyika. Kwa hiyo alikaa palepale juu, mguu mmoja kwenye kidaraja cha ngazi, akiipuliza kwa mdomo. Nilimtania kwamba anapoza uji. Akacheka. Chini yake akina mama wa egesangio walikuwa wanaanza kutandika mkeka, na harufu ya pilau ilikuwa imefika barabarani. Niliingia ndani ya lango kumsaidia Mama Rukia na sufuria.

Lori lilikuja kimyakimya, hapakuwa na nyimbo. Walishuka vijana, wengine nikiwajua, mmoja nilimfundisha kaka yake. Walikuwa na rungu na vipande vya bomba. Wa mbele alinyoosha kidole juu. "Ni huyu anaandika," alisema. Abeli akawaambia kutoka juu, kwa upole, kwa Ekegusii na kisha kwa Kiswahili ili hata dereva asikie, "Ndugu, ni chakura. Ngoja niweke herufi mtaona. Ngojeni tu niweke." Alikuwa na brashi mkononi imeshachovywa. Hawakumngoja. Wawili walishika miguu ya ngazi wakaivuta kando, bila hasira hata kidogo, kama watu wanaohamisha meza. Aliangukia nguzo ya saruji ya lango. Sauti ile sitaiandika.

Mengine yalikwenda upesi. Walipindua masufuria. Mama mzee wa Nyakoe alipigwa mkononi alipojaribu kuvuta mkeka. Watoto walikimbilia mikaratusini na wengine hatukuwapata mpaka jioni. Mama Rukia alisimama mbele ya sufuria kubwa akiwauliza mmoja mmoja, "Wewe si nilikupa wiki iliyopita? Wewe si ulikula hapa?" na kweli walikuwa wamekula, na hilo, nadhani, ndilo liliwafanya wasimguse. Lakini mmoja alimwambia arudi kwao. Mama Rukia akamwangalia kana kwamba hajasikia vizuri. "Kwetu?" alisema. Wali ulikuwa umemwagika kwenye nyasi alizokuwa amezilipia kwa jasho la miezi, na kuku wa jirani walishaanza kuuchakura. Madiwani walifika baada ya lori kuondoka. Hawakushuka kwenye gari. Waliteremsha kioo, wakaona, wakapandisha.

Abeli alilala hospitali Kisii miezi mitatu. Nyonga ilikuwa imevunjika na mkono wa kulia pia, na vyote vilipona vibaya, mguu mmoja ukabaki mfupi na umepinda kuelekea nje. Nilikuwa nikimpelekea uji kwenye chupa ya chai, nikiwakuta Moraa na mtoto mchanga, Kemunto, amelazwa miguuni pa baba yake kwenye kitanda kilekile. Hakuwahi kuzungumza habari za wale vijana. Alikuwa na jambo moja tu. "Mwarimu, nifundishe," alisema siku moja. "Nataka nijue ni wapi." Nikajaribu. Nilimwekea kidole kwenye ulimi, nikamwambia aubandike nyuma ya meno. Alisema "kula" mara nyingi, na kila mara aliniangalia kuona kama imetokea. Haikutokea. Hapo ndipo alipobuni jembe na mguu, ili macho yafanye kazi ambayo sikio limekataa, na hapo ndipo maswali yalipoanza. Nilimwambia wazi, na nimeendelea kumwambia miaka yote, kwamba si herufi iliyomwangusha. Kosa ni la waliovuta ngazi na la aliyewatuma. Alikubali kwa kichwa kila mara, kisha akauliza neno linalofuata.

Baraza lilikaa, kama lilivyoahidi. Likasema bustani ile imegeuka mahali pa siasa na fujo, na kwa usalama wa wananchi itafungwa, kisha itaendelezwa. Kwa hiyo walikubali kwamba inatumika. Mikaratusi ilikatwa kabla ya Krismasi. Hakuna aliyeshtakiwa. Yule mheshimiwa alishindwa uchaguzi, na kwa mbali sana. Hata hilo halikutufurahisha. Mama Rukia aliuza duka akahamia Kisii mjini, na nilipokwenda kumuona aliniuliza kama bado nasema mchere. Alikufa muda si mrefu baadaye. Mimi nilipata nafasi ya chuo mwaka uliofuata, nikabeba kitanda changu, na chumba kile akapanga mtu mwingine akabandika magazeti yake.

Siku ya mazishi nilifika mapema. Boma la Abeli ni dogo, migomba pande zote na majani chai mteremkoni. Nyuma ya jiko kuna banda la kuku, na ukuta wake wa upande wa jua ni yale mabati. Nilikuwa nimeyaona miaka yote na nimezoea, lakini siku ile nilisimama mbele yake. Nyekundu imekuwa ya kutu, bado inasomeka: KU, nafasi nyeupe, A PAMOJA. Wageni waliokuwa wakisubiri walikuwa wameegemeza baiskeli hapo. Mmoja wao, kijana wa kisasa, alisema ni ujumbe mzuri, kukua pamoja. Sikumsahihisha.

Moraa alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Msalaba wa mbao ulikuwa umelazwa juu ya stuli mbili, umepakwa nyeupe na umekauka. Brashi za Abeli zilikuwa kwenye kopo lao, safi, alivyoziacha. "Yeye ndiye alikuwa anaandikia watu wote hapa," Moraa alisema. "Sasa yeye nani ataandika? Nimeona ni wewe." Nikauliza niandike nini. Akasema jina lake, na chini LALA MILELE, alikuwa ameshajichagulia mwenyewe, ndiyo maana aliniuliza. Nilivua koti nikachuchumaa. Majembe nilimwekea yote, moja moja, kila moja mahali pake, kama alivyotaka siku zote. Kisha nikaanza jina. Kemunto, ambaye sasa ni muuguzi Nyamira na anasema L bila hata kufikiri, alikuwa amesimama nyuma yangu akiushikilia msalaba usiteleze.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hapo kwa jina si inaingia jembe? Kwa kitambulisho ni Abeli."

"Kitambulishoni, ndiyo," nikamwambia. "Shika vizuri."

Nikachovya brashi, nikamwandikia mguu. Niliuvuta polepole mpaka chini, ukatoka mrefu na umenyooka.